Siku ya Mechi Sifui

Hessle Road, Hull
Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Neville,

Usione mwandiko wangu ukafurahi ukadhani nimelegea. Sijalegea hata kidogo. Niliapa mbele ya Ivy wa mlango wa pili, na jambo akilijua Ivy mtaa mzima umelijua, kwamba simsemeshi mtu anayechezea Wekundu wa ng'ambo ya mto, na kwamba jezi nyekundu haitavuka kizingiti changu maadamu mimi ni hai. Lakini kiapo kilikuwa cha mdomo na cha mlango. Kalamu sikuitaja. Basi naandika.

Miaka kumi na minne umekuwa fowadi wa Weusi kwa Weupe, timu ya raga ya upande wetu wa magharibi. Mstari wa mbele kabisa, mahali pa wanaume. Nilikulea tangu mama yako alipofariki, nikakulisha samaki na viazi mpaka ukawa hupiti mlango wa choo bila kugeuka ubavu, na yote hayo kwa nini? Ili uvuke mto ukawachezee wale! Watu ambao babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa hawatajii hata saa wakimuuliza njiani. Najua ni nani aliyekuvuta. Denise ni mke mzuri, sikatai, na pai zake zinalika, lakini mashariki ni mashariki. Mwanamke wa kule hurudi kwao polepole, na mume nyuma yake kama mkokoteni.

Sasa nikwambie jambo. Babu yako alipokuwa akienda baharini, siku ya kuondoka sikufua. Hakuna mwanamke wa Hessle Road aliyefua. Ukifua siku hiyo unamfua mtu wako, anakutoka kama uchafu unavyotoka kwenye nguo. Ulipotia saini kuwa mchezaji wa kulipwa nikajiuliza, bahari na raga tofauti yake nini? Mtu anatoka na viungo vyake vyote na hujui atarudi na vingapi. Basi siku ya mechi sifui. Iwe Jumapili, iwe Jumatano usiku, hata soksi siloweki. Ivy ananicheka, lakini shingo yako mpaka leo iko mahali pake, au nasema uongo?

Haya, yamekwisha. Niko huru. Jumapili ijayo mkicheza nafua. Nafua mapazia, nafua vitambaa vya meza, nafua mpaka zulia, na walimwengu waseme watakavyo.

Nimekuwekea chupa ya mafuta ya kuchua. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya lile bega la kulia, maana nimelichua tangu likiwa la mtoto na lenyewe halikunikosea kitu.

Bibi yako (kwa damu tu),
Winifred Suddaby


Holderness Road, Hull
Ijumaa, 14 Oktoba 1983

Bibi mpendwa,

Barua yako imepanda mabasi mawili, ikavuka daraja moja, ikachukua siku tatu. Ungefungua dirisha ukapiga kelele kama zamani ulipokuwa ukiniita chakula, ningeisikia hukuhuku.

Mafuta nimeyapokea. Bega linakushukuru, mimi nimekatazwa. Denise amelichua jana, na akasema mafuta haya yananuka kama gati la samaki. Nikamwambia ndiyo maana yanafanya kazi.

Bibi, nisikilize. Denise hakunivuta. Nilitaka mwenyewe. Nilifikisha miaka thelathini na moja nikaona nibadilishe hewa, basi. Usimlaumu Denise, na wala timu usiilaumu, haina kosa. Wewe endelea kukaa pale pako karibu na nguzo, uimbe, unywe chai yako ya chupa. Nikijua uko pale, mimi nimeridhika.

Kazi ni ileile. Asubuhi natengeneza karavani kiwandani na Gordon, jioni mazoezi, Jumapili napokea mpira mbele ya majitu matatu na kwenda kuyagonga uso kwa uso, ili vijana wembamba wa nyuma wapate pa kukimbia wakapigiwe makofi. Hakuna anayelijua jina la fowadi mpaka aangushe mpira. Wewe ndiye ulinifundisha hilo, kwa hiyo usinilaumu nikilalamika.

Kama unadhani wewe ni mkaidi, njoo umwone mama mkwe wangu. Hapiti kwenye kivuko cha pundamilia! Anatembea mpaka kona ya mbali avuke kwa kukimbia kati ya magari, kwa sababu kile kivuko kina mistari myeusi na myeupe. Nilipohamia hapa alizitoa soksi zangu za zamani nje kwa koleo la makaa. Nikamweleza kuwa wewe hujala bekoni tangu nikiwa mtoto, kwa vile ina wekundu na weupe kama jezi za huku. Akasema, “Huyo mama ana msimamo.” Ni sifa hiyo, Bibi. Hajawahi kumsifu mtu wa magharibi.

Kuhusu kufua, utafua kweli? Nauliza tu.

Mjukuu wako (mzima mzima),
Nev


Hessle Road
Jumatano, 28 Desemba 1983

Neville,

Nimefua. Jumapili zote. Nyumba inang'aa.

Juzi mlipokuja uwanjani kwetu, siku ya pili ya Krismasi, sikuja kukutazama wewe. Nilikuja kuitazama timu yangu, na bahati mbaya wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Nilikuzomea. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Ulipopokea mpira wa kwanza nilikuzomea mpaka meno ya bandia yakalegea. Mechi ya watani wa jadi ni mechi ya watani wa jadi, na mimi si mnafiki.

Lakini nina maneno mawili ya kitaalamu. La kwanza, unaingia kugonga na bega la kushoto siku hizi, na wewe ni mtu wa kulia. Unaficha nini? La pili, yule kijana wenu anayekupa pasi anakupa umesimama. Fowadi hapewi mpira amesimama kama mnara wa taa! Mwambie akupe ukiwa mbioni, au nije nimwambie mimi.

Mmeshinda. Hongereni, msile sana.

Bibi yako,
W. Suddaby


Holderness Road
Ijumaa, 6 Januari 1984

Bibi mpendwa,

Nimekusikia ukinizomea. Watu elfu kumi na tano wanapiga kelele na mimi sauti yako naijua, ileile ya “Neville, futa miguu!” Nilikuwa nimelala chini na mtu wa kilo mia juu ya kichwa changu, nikacheka. Refa akaniuliza kama nimeumia akili.

Sasa na mimi nina jambo nimelisikia. Dereva wa basi letu alikuwa amesimama upande wenu. Anasema baada ya mapumziko kuna bwana mmoja mwenye skafu ya Weusi kwa Weupe aliyesema kwamba Suddaby ni gunia la viazi lililooza. Na kwamba ajuza mmoja mfupi, aliyekuwa ananizomea kwa moyo wote, aligeuka akampiga yule bwana kichwani kwa mkoba, akamwambia, “Mimi namzomea kwa haki, nimemlea. Wewe umemlea?” Na kwamba mkoba ule ulikuwa na chupa ya chai ndani. Unamjua ajuza huyo? Nataka kumtumia maua.

Bibi, habari yenyewe ni hii. Denise ana mimba. Mtoto atazaliwa Juni. Nimekuandikia wewe kabla ya kumwambia mtu yeyote upande huu, hata mama mkwe, ambaye akijua atafuma soksi nyekundu usiku kucha.

Nataka mtoto huyu akae jikoni kwako, kwenye kile kigoda changu, apewe mkate na siagi huku unamsema vibaya. Sijui mtoto atakuwa mtu wa namna gani asipokaa jikoni kwako. Naomba unifungulie mlango, Bibi. Kama hutaki kuniona mimi, hata yeye tu.

Nev


Hessle Road
Jumatano, 11 Januari 1984

Neville,

Ajuza huyo simjui, na maua asiletewe, atayapika.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimesimama mbele ya ile picha ya babu yako ukutani, nikamsomea. Nimefurahi. Nasema waziwazi, nimefurahi mpaka nimeunguza uji.

Mtoto hana jezi. Mtoto ataingia. Mama yake ataingia pia, maana mtoto hawezi kujibeba. Wewe utasimama nje mpaka siku utakapoivua hiyo nyekundu. Kiapo ni kiapo, na Ivy yuko dirishani saa zote.

Leo nilikwenda ofisini kwa timu kuuliza habari za mahali pangu pale karibu na nguzo. Nimeongea na mwenyekiti. Haya, si jambo la kukusumbua. Siku hizi naona siimbi sana. Koo langu limechoka kwa baridi.

Lile bega la kulia, Neville. Jibu nililouliza.

Bibi


Holderness Road
Jumatatu ya Pasaka, 23 Aprili 1984

Bibi Winifred,

Mimi ni Denise. Sijawahi kukuandikia na sikujua ningeanza hivi. Najua ulikuwepo uwanjani kwetu Ijumaa Kuu, timu zetu zilipokutana tena, kwa hiyo uliona alivyobebwa. Bega la kulia limevunjika mahali patatu na mfupa wa shingoni umepata ufa. Madaktari wanasema atatembea na atakuwa na nguvu za kumbeba mtoto, nashukuru Mungu. Mengine watasema wiki hii.

Nina hasira na wewe, Bibi, na nimelelewa nisimjibu mtu mzima, kwa hiyo naandika haraka kabla haijapoa.

Ijumaa asubuhi Gordon wa kiwandani alipita Hessle Road akaona shuka jeupe linapepea kwenye kamba yako. Ijumaa Kuu, na siku ya mechi! Hata sisi wa mashariki tunajua kuwa Ijumaa Kuu haifuliwi. Gordon akamwambia Nev mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, kama mzaha: “Bibi yako leo kaamua, kakufua.” Nev hakucheka. Mimi nilikuwa pale na nilimwona usoni. Ulipoandika kuwa unafua kila Jumapili hakuamini, alikuwa anasema, “Maneno tu hayo, namjua.” Siku ile aliamini.

Dakika ya nane aliingia kumkaba mtu na akasita. Nev hajawahi kusita. Unajua mwenyewe kuwa fowadi akisita ndipo anapovunjika. Walipomweka kwenye machela alinishika mkono akasema, “Amefua, Denise. Amefua kweli.” Hakusema bega, hakusema shingo.

Na sasa nitavunja ahadi niliyompa. Nev hakuiacha timu yako. Timu yako ndiyo iliyomuuza. Walimwita ofisini Septemba, wakamwambia bega limekwisha na wamepata kijana wa miaka ishirini. Aliambiwa atoe vitu vyake kabatini siku hiyohiyo. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na mfuko wa viatu miguuni. Nikamwambia nenda kamwambie bibi yako. Akasema hapana: “Bibi hana mume, hana mtoto, ana timu tu. Akijua walivyonifanya ataichukia, na atabaki na nini? Afadhali anichukie mimi. Mimi ataniwia radhi siku moja.”

Ndivyo alivyosema, na ukamfungia mlango miezi saba. Sasa nimesema yote. Nisamehe kama nimevuka mpaka, lakini sijutii.

Denise


Hessle Road
Jumatano, 25 Aprili 1984

Denise mwanangu,

Hujavuka mpaka. Ungenyamaza ningekushusha thamani. Msomee Neville barua hii, taratibu, umwinulie mto kwanza.

Neville, sikufua.

Sikufua Ijumaa Kuu, sikufua Jumapili hata moja, sikufua kitambaa cha pua tangu ulipovuka mto. Yale ya mapazia yalikuwa mdomo mtupu. Muulize Ivy, mapazia yangu yana rangi ya chai.

Lile shuka halikuwa limefuliwa. Lilikuwa limepakwa rangi. Alhamisi jioni nililitandaza mezani jikoni nikaandika NEV NI WETU, herufi kubwa kama mabeseni, kwa rangi nyekundu. Naam, nyekundu! Ile rangi ya kupakia vizingiti. Nilimwambia mwenye duka kuwa ni ya kizingiti changu, akanitazama kama nimepandwa na homa. Asubuhi rangi ilikuwa bado mbichi na mechi ni mchana, nikalianika shuka lipate upepo, maandishi nimeyageuzia ukutani ili Ivy asiyaone. Nilitaka nilinyanyue uwanjani mara moja tu, wewe ulione, halafu yanipate yatakayonipata. Nilikuwa nalo kwenye kikapu chini ya chupa ya chai. Nilikuwa nangoja upokee mpira wa kwanza mzuri. Dakika ya nane ikafika kabla sijaufungua mkunjo.

Kwa hiyo ni mimi, mwanangu. Sikukufua, lakini nilikutisha. Ningeligeuzia maandishi njiani watu wote wayaone, Gordon angekwambia jambo jingine kabisa, nawe ungeingia uwanjani kifua mbele. Nililificha kwa kumwogopa Ivy. Mwanamke wa miaka sabini na minne, nimezika mume bila mwili, na ninaogopa Ivy!

Na hilo la timu, nalijua. Nimelijua tangu Januari. Mwenyekiti aliniambia mwenyewe, ananimiminia chai, kana kwamba ananisimulia habari za gari kuukuu. “Ilibidi tumuuze, Bi. Suddaby, tungekuja kukosa hata bei ya chuma.” Nilikiweka kikombe chini nikaondoka. Nilifika nyumbani nikaivua skafu nikaiweka kwenye droo ya visu.

Mbona sikufungua mlango? Nitakwambia, kwa sababu hatuna tena la kufichana. Ulikuwa umenidanganya vizuri mno, ukaacha mimi nikutukane ili niendelee kuimba. Ningefungua mlango ungenitazama usoni ukajua kuwa najua, na hapo uongo wako wote ungekuwa wa bure. Nikaona acha aamini kuwa bibi yake bado ana timu. Ndivyo tulivyokaa, wewe unanitunza mimi kule na mimi nakutunza wewe huku, na mlango umefungwa katikati. Loo, wajinga sisi!

Ijumaa jioni nilifika hospitali. Nilitembea mpaka kwenye korido yenu, nikaona ukoo mzima wa Denise mlangoni na skafu zao nyekundu, wengine wanalia. Nikajitazama shingoni. Siku ile nilikuwa nimeitoa skafu kwenye droo nikaivaa, niweze kusimama kati ya watu wetu bila kuulizwa, na nilikuwa nimesahau kuivua. Nikaona haya nikarudi. Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilikula na timu miaka sitini. Shuka nimelirudisha kambani leo, maandishi yanatazama barabara. Mabasi yote yanalisoma.

Bibi yako,
Winnie


Hospitali
Jumatano, 2 Mei 1984

Bibi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke, unafanana na mwandiko wangu wa darasa la kwanza.

Denise alinisomea. Ilibidi aache mara mbili, mara moja yeye na mara moja mimi. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akaondoka. Jioni akarudi akasema amepanda basi mpaka Hessle Road kuhakikisha, na ni kweli, shuka lipo. “Herufi zimepinda,” akasema, “lakini nyekundu yenyewe ni sahihi.” Bibi, alivuka mto! Hajawahi kuvuka mto tangu vita.

Daktari amesema jana. Raga imekwisha. Si msimu huu, ni kabisa. Nilidhani nitalia, nikauliza tu kama naweza kumrusha mtoto juu na kumdaka. Akasema kumdaka ndiyo, kumrusha ningoje mwaka. Nililia alipotoka nje. Tangu nikiwa na miaka kumi na saba sijui kuingia chumbani bila kutanguliza bega.

Jezi waliikata kwa mkasi ili wanitoe. Iko kwenye mfuko chini ya kitanda, na tope lake. Muuguzi alitaka kuifua nikamkatalia, akadhani ni wazimu wa dawa.

Hukuniumiza, Bibi. Nilisita, ni kweli, lakini bega lilikuwa limekwisha tangu Septemba, na ndilo swali lako nililokuwa silijibu. Lingevunjika siku yoyote. Nafurahi limevunjika siku uliyokuwepo na shuka.

Jumamosi wananiruhusu kutoka. Sichezi tena, kwa hiyo sina nyekundu wala nyeusi wala nyeupe. Mimi sasa ni mtu asiye na rangi. Je, Ivy akiwa dirishani, mtu wa namna hiyo anaweza kuingia?

Nev


Hessle Road
Jumatatu, 7 Mei 1984

Nev, baba yangu,

Jana ilikuwa Jumapili. Niliamka nikabandika maji motoni, nikatia sabuni kwenye beseni, nikakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni. Nikajiambia, Winnie, sasa ruksa. Hakuna mechi leo, hakuna wiki ijayo, hakuna tena. Fua utakavyo. Nilisimama pale mpaka maji yakapoa. Sikuwa na kitu nilichotaka kukifua. Miaka kumi na minne nimeingoja Jumapili ambayo sitakuwa na hofu, na ilipokuja nikakaa kwenye kigoda chako nikalia mpaka Ivy akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Nikamfungulia, nikamwambia yote. Unajua alisema nini? Alisema, “Winnie, kile kiapo mimi nilikisahau tangu Novemba.” Nusura nimpige na chupa ya chai!

Sasa sikia. Mtu asiye na rangi simfungulii. Thubutu kuja nyumbani kwangu umevaa shati la kawaida kama mkusanya kodi. Njoo na ile jezi nyekundu, hivyohivyo ilivyokatwa. Denise akutie pini mbili begani usije ukaanguka nayo njiani. Upite mlango wa mbele, mchana kweupe, watu wakiwa nje. Kuhusu kizingiti usiwe na wasiwasi. Niliapa nyekundu haitakivuka, na ile rangi ilibaki nusu kopo, basi nimekipaka. Sasa nyekundu imeshakaa hapo kabla yako, na haijavuka popote, kwa hiyo sijavunja kiapo cha mtu.

Denise aje na kiti chake cha kuegemea, kigoda hakimfai kwa hali yake. Mama yake naye aje. Mwambie bekoni sina, na kivuko cha pundamilia kilichopo mbele ya nyumba kinaweza kuzungukwa kwa kupitia dukani.

Ukishakaa na kula, utaivua hiyo jezi uniachie. Nimesuka nyavu miaka thelathini, nikashona zilizopasuliwa na miamba ya Iceland, bega la jezi halitanishinda. Nitalishona Jumamosi. Ivy nimemwambia atafute pengine pa kuanika, kamba yote naihitaji.

Na Jumapili, saa ileile ya mechi, nitaifua.

Bibi yako,
Winnie